Taarifa za benki kwa kampuni: barua pepe, tovuti ya benki, SFTP au API?

Asubuhi kwenye ofisi nyingi za uhasibu jijini Dar es Salaam, kuanzia maduka ya jumla ya Kariakoo hadi viwanda vya Barabara ya Nyerere, kazi ya kwanza ni ileile. Mtu anaingia kwenye tovuti ya benki, anapakua stetimenti ya jana, anaifungua kwenye Excel, anafuta safu asizozitaka, kisha anaanza kusaka nani kalipa ankara ipi. Akimaliza benki ya kwanza anahamia ya pili. Kampuni yenye akaunti za shilingi na za dola kwenye benki tatu inaweza kumfunga mhasibu kwenye kazi hiyo hadi mchana, na bado kuna mteja anapiga simu akilalamika kwamba alilipa jana na mzigo wake haujatoka.

Benki zinaweza kuleta taarifa hizo zenyewe, moja kwa moja kwenye mfumo wa kampuni, bila mtu kupakua chochote. Njia zipo kadhaa, na kila ofisa wa benki ataisifia ile aliyotumwa kuiuza. Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya uhasibu na benki, na msimamo wangu ni huu: kabla ya kuuliza njia ipi ni ya kisasa zaidi, jiulize kuna uamuzi gani unaosubiri taarifa hiyo, na ni mikono mingapi itaigusa kabla haijafika kwenye leja.

Msambazaji wa saruji ana lori la mteja getini. Dereva anasema fedha zimeshatumwa. Mzigo hautoki mpaka fedha zionekane, na kila saa inayopita lori linaziba nafasi. Huyu anahitaji taarifa ndani ya dakika. Wakala wa forodha amelipia mzigo wa mteja wake kwa namba ya malipo ya Serikali, ile inayopita kwenye mfumo wa GePG, na siku za bure za kuhifadhi kontena bandarini zinakaribia kwisha. Huyu anaweza kusubiri saa kadhaa, lakini si hadi kesho. Halafu kuna mhasibu wa kampuni ya kawaida anayetaka miamala yote ya jana iwe imeingia vitabuni, ili tarehe 7 ya kupeleka PAYE na tarehe 20 ya ritani ya VAT zisimkute anahangaika. Kwake, faili likifika alfajiri limefika kwa wakati. Watu hawa watatu wakiuziwa njia moja, angalau mmoja wao atalipia kitu asichokihitaji.

PDF iliyofungwa kwa barua pepe

Hii ndiyo rahisi kuanza. Unajaza fomu, unataja anwani ya barua pepe, na kila siku au kila mwezi stetimenti inakuja ikiwa imefungwa kwa neno la siri.

Tatizo lipo kwenye neno hilo la siri. Mara nyingi ni tarakimu chache zilizotolewa kwenye kitu ambacho watu wengi wanakijua: mwisho wa namba ya akaunti, kipande cha TIN, tarehe fulani. Neno la siri la tarakimu sita lina michanganyiko milioni moja tu, na kompyuta ya kawaida inaijaribu yote bila shida. Ukikosea PIN kwenye ATM mara kadhaa, kadi inafungwa. Faili la PDF likishafika kwenye kompyuta ya mwizi, hakuna wa kumhesabia makosa yake. Na barua pepe hazifutwi: stetimenti za miaka mitatu zinakaa kwenye kikasha cha mtu ambaye pengine alishahama kampuni.

Kwa mashine, PDF ni chakula kigumu. Safu zinahama, maelezo marefu yanashuka mstari wa pili, na programu inayosoma kiasi leo inasoma tarehe kesho. Ninaikubali PDF kwa ajili ya macho ya watu: mkurugenzi anayetaka kuona salio, mkaguzi anayetaka nakala. Ukiitumia, fungua anwani maalum ya kupokelea, iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na omba neno la siri refu litakalopitia njia nyingine. Usiifanye msingi wa kuendeshea hesabu.

Tovuti ya benki

Kwa upande wa kutuma malipo, tovuti ya benki ina ulinzi mzuri: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha, na kuna kifaa au programu ya simu inayotoa namba ya mara moja. Kwa upande wa kupokea taarifa, ulinzi huo unaishia pale faili linapopakuliwa. Kuanzia hapo ni faili la kawaida kwenye kompyuta ya mtu, na yeyote anaweza kubadili kiasi au kufuta mstari kabla halijaingizwa kwenye mfumo.

Hata bila nia mbaya, faili linaharibika. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na kuanzia ya 16 huzigeuza sifuri. Kumbukumbu ya muamala yenye tarakimu 18, ikifunguliwa kwa kubofya faili la CSV kisha ikahifadhiwa, imeshapoteza tarakimu tatu za mwisho, na hizo ndizo zilizokuwa zinautofautisha muamala mmoja na mwingine. Namba ya simu ya mlipaji inayoanza na 0754 inabaki 754. Mhasibu anaona malipo mawili yenye kumbukumbu moja, anadhani benki imerudia, anaandika barua ya malalamiko. Benki haina kosa.

Kuna ofisi zinazojaribu kukwepa kazi hii kwa kuandika programu inayoingia kwenye tovuti ya benki kwa jina na neno la siri la mfanyakazi, kisha inapakua yenyewe usiku. Nawasihi msifanye hivyo. Siku fedha zikipotea, kumbukumbu za benki zitaonyesha jina la mfanyakazi huyo akiwa ameingia saa nane usiku, na atakayehojiwa ni yeye. Zaidi ya hapo mtakuwa mmevunja masharti mliyosaini ya kutompa mtu au kitu kingine neno la siri, na utetezi wenu mbele ya benki utakuwa dhaifu tangu mwanzo.

Kwa duka au ofisi yenye miamala michache kwa siku, tovuti inatosha kabisa. Ingiza faili kwenye mfumo wa uhasibu kama lilivyo, bila kulipitisha Excel.

Faili kwa SFTP

Hapa ndipo ninapoanza kumpeleka mteja wa kati, na ndipo mambo yanapokuwa mengi.

SFTP ni njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta mbili kwa mawasiliano yaliyosimbwa. Benki inakuwekea folda kwenye seva yake, au inakuletea faili kwenye seva yako. Mashine mbili zinatambuana kwa jozi ya funguo: ufunguo wa wazi unampa benki, ufunguo wa siri unabaki kwako na hautoki. Benki nayo inaruhusu anwani yako ya intaneti peke yake, kwa hiyo utahitaji anwani isiyobadilika kutoka kwa kampuni inayokupa intaneti. Baada ya benki kufunga siku, faili linawekwa. Alfajiri mashine yako inalichukua na kuliingiza kwenye mfumo. Mtu hajaligusa.

Muundo unaokutana nao zaidi ni MT940 wa SWIFT, mtandao wa kimataifa ambao benki hutumia kutumiana ujumbe. Mfano huu nimeutunga, lakini ndivyo faili linavyoonekana:

:28C:93/1
:60F:C250513TZS18450000,00
:61:2505140514C2360000,00NTRFINV-2217//FT2513400441
:86:MALIPO YA ANKARA INV-2217 SARUJI
:62F:C250514TZS20810000,00

Mstari wa 60F ni salio la kuanzia, wa 61 ni muamala wenyewe, wa 86 ni maelezo, wa 62F ni salio la kufungia. Desimali imeandikwa kwa mkato, na hilo pekee limeshatosha kukwamisha programu nyingi. Uzuri wa muundo huu ni kwamba unajikagua wenyewe. Salio la kuanzia, ukijumlisha yaliyoingia na kutoa yaliyotoka, lazima likupe salio la kufungia. Salio la kuanzia la leo lazima liwe lile lililofungia jana. Namba ya stetimenti kwenye 28C lazima ifuate ya jana. Mfumo wako ukifanya ukaguzi huo kabla ya kupokea faili, utajua papo hapo kama kuna siku imerukwa au mstari umeongezwa. Naukazia ukaguzi huu kila mahali ninapofanya kazi, kwa sababu hauna gharama yoyote ya ziada na ndio unaomfanya mhasibu aanze kuiamini mashine.

Udhaifu wa MT940 ni ule mstari wa 86: mistari sita, kila mmoja herufi 65. Jina la mlipaji, namba ya ankara na maelezo ya benki vyote vinagombania nafasi hiyo, na kila benki inavipanga kwa utaratibu wake. Muundo mpya wa ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kifedha, unaoitwa camt.053, unatenga sehemu ya kila kitu: jina mahali pake, kumbukumbu ya malipo mahali pake. Malipo ya kimataifa kwenye mtandao wa SWIFT yamehamia ISO 20022, na kipindi cha kutumia miundo yote miwili kwa maagizo ya malipo kiliisha Novemba 2025. Kwa stetimenti za wateja, MT940 bado inatumika. Kama mnaanza upya na benki yenu inatoa camt.053, chukueni hiyo.

Sasa usalama wake. SFTP inalinda faili likiwa njiani. Likishatua kwenye seva, linalindwa na seva hiyo tu. Mei 2023 kundi la wahalifu linaloitwa Cl0p lilitumia tundu kwenye MOVEit Transfer, programu ya kuhamishia mafaili iliyokuwa ikitumiwa na taasisi kubwa duniani, likabeba mafaili yaliyokuwa yamekaa humo. Mengi yalikuwa yameshafika salama na kuachwa pale. Kwa hiyo mambo mawili: taka faili lisimbwe kwa PGP, njia ya kusimba mafaili kwa jozi ya funguo, kabla ya kutumwa, ili hata atakayevunja seva akute maandishi yasiyosomeka, na mashine yako ikishalipokea na kulihifadhi panapostahili, ilifute kwenye folda la kupokelea.

Jambo la tatu ni la watu. Ufunguo wa siri usikae kwenye kompyuta ya mapajani ya fundi aliyekuja kufunga mfumo. Andikeni nani anaushika, na akiondoka ubadilishwe wiki hiyohiyo.

API

API ni mashine kuzungumza na mashine muda wowote. Ama mfumo wako unaiuliza benki, "kuna kipya?", ama benki yenyewe inaupigia mfumo wako hodi kila fedha zinapoingia. Hii ya pili ndiyo inayomfaa msambazaji mwenye lori getini. Kupitia TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, mteja anaweza kutuma fedha kutoka benki nyingine au kwenye simu na zikafika ndani ya sekunde. Fedha zikifika haraka hivyo na mwenye stoo akazijua kesho asubuhi, ucheleweshaji ni wa kampuni yenyewe.

Lakini API inadai mengi. Seva inayokaa macho saa 24, umeme wa akiba, na mtu wa TEHAMA anayepatikana. Vyeti vya usalama vya pande zote mbili vina tarehe ya kuisha, na visipohuishwa mawasiliano yanakatika bila onyo. Kila taarifa lazima iwe na saini ya kidijiti ambayo mfumo wako unaikagua, la sivyo yeyote anayeijua anwani yako anaweza kukutumia ujumbe kwamba fedha zimeingia. Benki isipopata jibu lako itarudia kutuma, kwa hiyo mfumo uwe unatambua muamala uleule ukija mara ya pili, usije ukatoa mzigo mara mbili kwa malipo mamoja.

Angalieni pia saa. Mifumo mingi ya API huandika muda kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Muamala wa saa 8:30 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai unaandikwa 23:30 ya tarehe 30 Juni. Msipoubadilisha muda, mauzo ya mwezi mpya, na kwa kampuni ambazo mwaka wake wa fedha huanza Julai mwaka mpya wa fedha, yanaingia kwenye uliopita.

Na kuna intaneti yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoathirika vibaya. Faili la SFTP linasubiri kwenye folda mpaka mtandao urudi. Taarifa ya API iliyokosa mpokeaji hurudiwa kwa idadi na muda uliopangwa na benki, kisha inaachwa. Ndiyo maana simshauri mtu ategemee API peke yake: iwe ya getini, na faili la mwisho wa siku liwe la vitabuni, likisahihisha kila kilichopotea mchana.

Ukiziweka pamoja, zinaonekana hivi:

| Njia | Inafika lini | Nani anaigusa njiani | Inataka nini kwako |
|---|---|---|---|
| PDF kwa barua pepe | Kila siku au mwezi | Kila mwenye kikasha | Karibu hakuna |
| Tovuti ya benki | Mtu akiingia | Anayepakua | Muda wa mhasibu |
| SFTP | Alfajiri, au mara kadhaa kwa siku | Hakuna | Anwani isiyobadilika, funguo, fundi wa kuanzisha |
| API | Sekunde hadi dakika | Hakuna | Seva ya muda wote, mtaalamu wa kudumu |

Kujiunga na SWIFT moja kwa moja ni kwa makundi makubwa yenye akaunti nchi nyingi. Kampuni ya Dar yenye benki tatu haina haja nayo.

SMS na picha za risiti kwenye WhatsApp sikuziweka kwenye jedwali kwa makusudi. Risiti inatengenezwa kwenye simu kwa dakika mbili, na ujumbe unaweza kuonekana umetoka benki wakati haukutoka huko. Mwenye stoo asitoe hata mfuko mmoja kwa picha.

Jambo ambalo hakuna njia itakayokusaidia

Wateja wako wakilipa na kuandika "malipo" au "mzigo" kwenye maelezo, hata API ya bei kubwa itakuletea mstari usiojulikana ni wa nani, tena kwa haraka. Serikali ililimaliza suala hili kwa kumpa kila mlipaji namba yake kwa kila deni. Kampuni binafsi inaweza kufanya hivyohivyo: mpe kila mteja, au kila ankara, namba ya kulipia, na uombe benki ikatae malipo yasiyo na namba sahihi au iyatenge pembeni. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, fanyeni hiki kwanza.

Kabla ya kusaini na benki

Siku isiyo na miamala, benki italeta faili tupu au haitaleta kitu? Dai faili tupu. Bila hilo hutajua kama kulikuwa na ukimya au mawasiliano yamekatika. Uliza kuna mazingira ya majaribio, na usikubali kuunganishwa moja kwa moja kwenye akaunti halisi. Uliza ni namba gani inapokelewa saa kumi alfajiri faili lisipofika, na nani anaipokea. Uliza watakutaarifu siku ngapi kabla ya kubadili muundo.

Tenganisheni pia njia ya kutuma fedha na njia ya kupokea taarifa. Februari 2016 wezi walipoingia kwenye mfumo wa SWIFT wa Benki Kuu ya Bangladesh, waliondoka na dola milioni 81, na sehemu ya hila yao ilikuwa kuivuruga printa iliyokuwa ikichapisha uthibitisho wa miamala. Waliokuwa zamu waliona printa mbovu tu. Kwenye kampuni yako, mtu anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayeshika ufunguo wa kupokelea stetimenti, na mkurugenzi awe na njia yake ya kuona salio isiyopita kwenye seva hiyohiyo.

Msisahau kwamba stetimenti ina majina na namba za simu za wateja wenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu ninyi pia na si benki peke yake. Mkimpa fundi wa nje mafaili halisi ya majaribio, mmetoa taarifa za watu. Mpeni yaliyofutwa majina.

Ningechagua nini

Duka la jumla Kariakoo lenye akaunti moja na malipo kadhaa kwa siku: tovuti ya benki, na faili kuingizwa bila kuguswa. Kampuni ya kati yenye benki mbili au zaidi, isiyotoa mzigo papo hapo: SFTP yenye PGP, camt.053 ikipatikana, MT940 isipopatikana. Wakala wa forodha: SFTP hiyohiyo, ila aombe faili la miamala ya mchana mara kadhaa kwa siku. Msambazaji mwenye malori getini: API kwa akaunti ile moja ya makusanyo, na SFTP kwa akaunti zote.

Anzeni na benki yenye miamala mingi zaidi. Endesheni njia mpya na ya zamani pamoja hadi mfunge mwezi mmoja bila tofauti hata ya shilingi, kisha hamieni benki inayofuata. Siku mtakapoizima njia ya zamani, iandikieni benki iondoe haki ya kupakua kwa kila mtumiaji asiyeihitaji tena, na mpate uthibitisho wake kwa maandishi.